Mama Karani Aliyeuliza Jina Mara Tatu

Mama Karani aliuliza jina mara tatu. Hakuwahi kuuliza mara mbili, wala hakuridhika na moja, hata kama mzazi alikuwa amelitamka waziwazi na mtoto analia njaa. Aliingia wodi ya wazazi amekumbatia ubao wake wa kuandikia, miwani imening'inia kwenye kamba, akavuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda na kuuliza, "Jina gani?" Akiambiwa, alitikisa kichwa kama hajasikia. "Jina gani?" Akiambiwa tena, alikiinamia kile kitanda kidogo cha plastiki, akamnong'oneza mtoto lile jina sikioni, kisha akainuka na kumtazama mzazi usoni. "Jina gani?" Hapo ndipo aliposhika kalamu.

Mimi nilikuwa nasukuma viti vya magurudumu katika hospitali hiyo ya Dallas, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kazi yangu ilikuwa kumtoa mzazi wodini mpaka mlangoni ambako mume anasubiri na gari, kwa hiyo mara nyingi nilifika Mama Karani akiwa hajamaliza, ikabidi nisimame na kiti kitupu. Sisi tuliolelewa Mombasa tunajua sikio la mtoto mchanga husikia adhana kwanza, na siku za mwanzo niliona yule mama wa Kikongo anajitia kwenye yasiyomhusu. Baadaye nikazoea. Baadaye zaidi nikawa nafika mapema makusudi ili nimsikie.

Kitambulisho chake cha kazi alikivaa kimegeuzwa, picha na jina vikitazama kifua. Msimamizi alimkanya. Akikanywa alikigeuza, na kabla hajafika kwenye lifti kilikuwa kimesharudi kilivyokuwa. Sote tuliozungumza Kiswahili mle ndani, wauguzi wa Kenya, Mtanzania mmoja wa chumba cha kufulia, na mimi, tulimwita Mama Karani, na wanawake wa Kimeksiko waliosafisha sakafu wakaliokota jina hilo kwetu. Nilimfahamu zaidi ya miaka kumi na mitano na sikumwita vinginevyo.

Alikuwa na kalamu tatu nyeusi ambazo hakumwazima mtu, na penseli moja fupi. Penseli ilikuwa na kazi yake. Jimbo la Texas halikubali alama yoyote juu ya herufi katika cheti cha kuzaliwa, na wazazi wa Kimeksiko walikuja na majina yenye alama hizo, kama yalivyoandikwa tangu kwa babu zao. Mama Karani aliijaza fomu kama jimbo linavyotaka, herufi tupu. Halafu alichukua ile karatasi ya ukumbusho yenye nyayo za mtoto kwa wino, akaiweka alama ya penseli pale inapostahili. Niliwahi kumwona mwanamke aliyezaa kimya kimya, asitoe hata "aah", akilia kwa kijialama kile.

"Kwa nini penseli, Mama, si kalamu?" nilimuuliza.

"Kalamu ni ya Leta," alinijibu. Leta, kwao, ni serikali, na njo ni ndiyo yetu. "Penseli njo yangu."

Mtu asije akadhani alikuwa malaika. Alinuna siku nzima ukikalia kiti chake kwenye chumba cha chakula. Sombe yake, kisamvu cha kwao, aliileta kwenye kopo la aiskrimu, na ole wako ulifungue ukitafuta aiskrimu. Alikuwa na maoni juu ya kila jina na hakuyafunga mdomoni. Palikuwa na baba mmoja, Mkenya wa Fort Worth, kijana mwenye bashasha, aliyetaka kumwita mwanawe wa kwanza jina la gari alilokuwa analitamani.

"Papa, gari iko nazeeka miaka kumi," Mama Karani alimwambia. "Mutoto atafika miaka makumi munane. Ju ya nini unamufanyia vile?"

"Lakini Mama, ni America. Si niko free?"

"Uko free. Jina gani?"

Akamuuliza mara zote tatu, akaliandika jina la gari kwa mwandiko mzuri kuliko wote, akaenda zake akisonya. Ndivyo alivyokuwa. Hakuna aliyempita kwa kubisha, na kalamu ikishagusa karatasi hakuna aliyempita kwa kutii. Texas ilikataa alama juu ya herufi lakini haikukataza upumbavu, alisema, na yeye alikuwa mtumishi wa Texas.

Sheria za majina alizijua kama wengine wanavyojua mpira. Wakati wa chakula alinihadithia nchi moja moja huku akichambua mifupa ya samaki. Denmark kuna orodha, ukitaka jina lililo nje yake uombe ruhusa. Iceland kuna kamati nzima ya watu wazima wenye akili zao wanaokaa kujadili jina la kitoto. Ureno nako orodha. Ujerumani karani anaweza kukukatalia mlangoni, akisema jina lako litamtesa mtoto. Nilicheka. Kwetu Mombasa jina alikupa bibi au shangazi, ukishukuru au usishukuru, na chifu hakuwa na neno.

"Dunia muzima iko naogopa majina ya batoto," alisema. "Usicheke, papa. Hauyajaona."

Yeye alikuwa ameyaona. Nilikuja kujua siku nilipompa lifti mpaka kwake Mesquite, gari lake likiwa gereji. Hakuwa mtu wa kusimulia habari zake, lakini pembeni mwa barabara tulipita bango la kliniki lenye picha ya mtoto, na ghafla akaanza. Alipokuwa msichana alikuwa karani wa vizazi katika manispaa ya Bukavu. Nchi ilikuwa Zaire. Rais alipiga marufuku majina ya Kikristo, kila mtu awe na jina la mababu, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu aliweza kufungwa. Yeye mwenyewe alilivua jina lake la ubatizo akavaa jingine, lililochaguliwa kwa haraka, na ndilo lililomfuata kwenye pasipoti mpaka Dallas. Lile la kwanza aliliacha na hili la pili hakulipenda. Nikaelewa habari ya kitambulisho.

"Kukakuya mama moja na katoto," alisema. "Alitaka jina Joséphine. Ilikuwa jina ya dada yake, alikufa mwaka ule. Nikamwambia haiwezekani. Akalia, akapiga magoti, pale pale kwa bureau. Nikaenda kwa chef, mukubwa wa kazi, nikamwambia, chef, huyu mama iko na huzuni. Chef akaniambia, kazi yako ni kuandika."

"Ukaandika nini?"

"Niliandika jina ya shangazi yangu. Sikukuwa na ingine kichwani." Alitazama nje. "Kuko mutu mahali fulani, mutu mukubwa sasa, iko natembea na jina ya shangazi yangu, hajue ni ya nani. Na ule dada amekufa mara mbili. Sikumuuliza ule mama hata mara ya pili."

Nilimfikisha mlangoni, akanishukuru, na hatukulizungumza tena. Lakini nilikuwa nimesikia kila neno. Naliandika jambo hili mapema ili nisijipe mwanya baadaye wa kusema sikujua.

Sasa lililo langu. Siku naondoka Mombasa mama yangu hakuniomba kitu chochote cha Marekani. Alinishika mkono kwenye ukumbi wa nyumba yetu akasema, "Mwanangu, ukijaliwa binti, nipe somo." Somo kwetu ni yule mnayechangia jina. Mama yangu alizaa wavulana watupu, na ndugu zangu wakazaa wavulana watupu, na jina lake, Mwanakombo, alilirithi kwa bibi yake ambaye naye alilirithi. Nikamwahidi. Haikunigharimu chochote kuahidi, nilikuwa bado sina hata mchumba.

Mke wangu aliposhika mimba na tukaambiwa ni binti, nilimweleza Mama Karani habari hizo karibu kila mchana. Alilipenda jina. Alilitamka kwa matamshi ya kwao, Mwanakombo, akalirudia kama mtu anayeonja chumvi. "Hili nitaandika na furaha," alisema.

Lakini miezi hiyo hiyo nilikuwa naomba kazi ya ofisini kule Plano. Wauguzi wa Kimarekani walikuwa wameshaniita Sam, nami nikaacha Salim akae nyumbani. Aliyenihoji Plano alikuwa na picha ya binti yake mezani, mtoto ana mapengo, na akanitajia jina lake kwa furaha, Ashley. Nikatoka nje nikakaa kwenye gari nikajaribu kusema, "Huyu ni binti yangu, Mwanakombo," kwa lafudhi ya pale, mbele ya watu wale. Nikaona haya. Nililionea haya jina la mama yangu. Nimelitafutia jambo hili maneno mengine miaka mingi na sijapata.

Mila yetu mtoto hupewa jina siku ya saba, kwa akika. Karatasi ya hospitali haingoji siku ya saba. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, na siku ya pili akiwa hajaweza hata kukaa, Mama Karani aliingia na ubao wake, amevaa kitenge juu ya sare ya kazi kwa heshima ya siku ile. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba watu wote wana jina la karatasi na jina la nyumbani, hata kwetu ndivyo, na la karatasi si kitu. Alikuwa amechoka. Hakubisha.

"Jina gani?" Mama Karani aliuliza, na tabasamu.

"Ashley."

Tabasamu lilikaa kidogo, kisha likaondoka. "Jina gani?"

"Ashley, Mama. Mwanakombo litakuwa la nyumbani. Hili la karatasi tu."

"Huku karatasi njo mutu, papa. Ile ya nyumbani itakufa na njaa."

Alikiinamia kitanda cha mwanangu. Alikaa pale muda mrefu kuliko kawaida yake, mdomo sikioni mwa mtoto, na sikusikia alichomwambia. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Mke wangu alikuwa amegeukia ukuta.

"Jina gani?" aliuliza mara ya tatu, polepole, na nikajua kwamba ananifungulia mlango.

Nikasema, "Mama, kazi yako ni kuandika."

Nilijua ninachosema. Sikuteleza ulimi. Nililichagua neno lile kwa sababu nilijua litamnyamazisha, na lilimnyamazisha. "Ni kweli," alisema. Akaandika.

Kazi ya Plano niliipata. Akika tulifanya, mbuzi alichinjwa huko Mombasa kwa jina la Mwanakombo, na nyumbani kwetu Grand Prairie tulimwita hivyo kama mwaka na nusu. Kisha akaanza kwenda kituo cha kulelea watoto, kisha shule, na kila tulipomwita Mwanakombo alitazama kana kwamba tunaita jirani. Tukaacha. Jina lile lilikufa kwa njaa kama alivyosema, na hakuna aliyelizika.

Kila Ijumaa nilimpigia mama kwa kadi ya simu. "Somo yangu hajambo?" "Hajambo, anakusalimu." "Mwambie somo yangu ale." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka minane. Nikikutana na Mama Karani kwenye harusi au matanga, alinisalimu vizuri, hakuninunia hata mara moja. Aliuliza tu, "Mutoto hajambo?" Hakulitaja jina lolote.

Binti yangu alipokuwa na miaka minane mama alipata viza ya kuja kututembelea. Wiki moja kabla, nilimkalisha binti kwenye ngazi nikamwambia kwamba kwa miezi miwili jina lake ni Mwanakombo, na Bibi akiita aitikie, "Labeka, Bibi."

"Like a game?" aliniuliza.

"Ndiyo. Kama mchezo."

Uwanja wa ndege mama alimwona kwa mbali, akafungua mikono na kulia, "Mwanakombo! Somo yangu!" Mtoto akageuka nyuma kutazama nani anaitwa. Nilimsukuma begani. Akakumbuka, akakimbia, akacheza mchezo wake vizuri tu. Miezi ile aliitika kila alipokumbuka, na asipokumbuka nilisema masikio yake yana matatizo. Nilimfundisha mwanangu kumdanganya bibi yake, kisha nikamsingizia mtoto maradhi.

Siku ya mwisho wa mwaka shuleni sikuweza kumzuia mama asije. Alivaa buibui lake jipya, akakaa mstari wa mbele. Mwalimu alisoma, "Ashley," na jina letu la ukoo, na mjukuu wake akapanda jukwaani kuchukua cheti. Nilimtazama mama. Alimtazama mtoto, kisha akapiga makofi. Aliendelea hata wengine walipoacha. Njiani kurudi alisifu maua ya shule. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Alirudi Mombasa, na Ijumaa iliyofuata akaniuliza, "Mtoto hajambo?" Tangu siku ile somo hakumtaja tena.

Ilinichukua miaka minne kufanya jambo, na nilichofanya ni kwenda mahakamani kuchukua fomu. Nilifikiri nitalibadilisha jina, nimtumie mama cheti kipya kwa posta, na mambo yatakwisha bila mimi kufungua mdomo. Fomu ilikuwa na sehemu moja niliyoisoma mara nyingi. Mtoto aliyetimiza miaka kumi lazima akubali mwenyewe kwa maandishi. Binti yangu alikuwa na kumi na mbili.

Mama Karani wakati huo alikuwa amestaafu, anaishi Houston kwa bintiye. Nikafikiri, huyu ndiye atakayemshawishi mtoto. Jumamosi moja asubuhi nilimpakia binti garini nikamwambia tunakwenda kumsalimu mama niliyefanya naye kazi. Fomu niliificha ndani ya gazeti, na saa nne za barabara sikusema kitu juu yake.

Miguu ya Mama Karani ilikuwa imevimba na hakuinuka kitini, lakini kopo la aiskrimu lilikuwepo mezani, na lilikuwa na sombe. Alimwita binti yangu karibu, akamshika mikono.

"Jina gani?"

"Ashley."

"Jina gani?"

Mtoto akacheka. "Ashley."

Hakuweza kuinama, akamvuta yeye chini, akamnong'oneza kitu sikioni. "Jina gani?"

"Ashley," binti yangu alisema, na safari hii hakucheka.

Nikaitoa fomu kwenye gazeti, nikaiweka mezani na kueleza, nikianza mbele nikirudi nyuma. Binti aliisoma yote, mpaka mahali pa sahihi yake.

"So this time they're asking me?"

"Ndiyo. Ndivyo sheria inavyotaka."

"Then no, Baba." Hakusema kwa ukali. "It's Bibi's name. You can't put it on me just 'cause you feel bad."

Nilimgeukia Mama Karani nikitarajia msaada. Aliivaa miwani, akaitazama fomu, sehemu ile ya sahihi ya mtoto, kwa muda.

"Sheria muzuri hii," alisema. "Katika sheria zote nilizokuambia, hii njo ya kwanza inamuuliza mutoto." Kisha akanitazama. "Papa, ulitaka tribunal ikuombee pardon kwa mama yako."

Nikamuuliza jambo nililolibeba miaka kumi na miwili: siku ile hospitalini alimwambia mwanangu jina gani sikioni?

"Sikumwambia jina. Nilimuomba pardon."

Akaisukuma simu yake upande wangu wa meza. Nilipiga. Mombasa magharibi ilikuwa imeshaingia, nikamsikia mama akimwambia mtu apunguze redio. Nikamwambia, mbele ya mwanangu na mbele ya Mama Karani, kwamba jina lake sikulitoa, kwamba nililionea haya, na kwamba nimemdanganya kila Ijumaa.

"Najua, mwanangu," alisema. "Si nilipiga makofi? Sasa huyo mtoto aitwa nani? Nataka kulisikia kwako wewe."

Nikalitaja. Simu ilikuwa mbovu. "Nani?" Nikalitaja tena. "Nani, mwanangu? Sema kama mtu." Nikalisema kwa sauti kubwa, na nikaona Mama Karani ameinamisha kichwa.

"Haya," mama alisema. "Nipe mtoto."

Nikampa. Sauti ya mama yangu ilikuwa kubwa, wote tuliisikia mezani. Alilitamka Ashley polepole, kwa kinywa chake cha Mombasa, akiliita jina lile kwa mara ya kwanza.

"Labeka, Bibi," binti yangu aliitika, na hakuna aliyemwambia aitike.

Mama Karani alikunja ile fomu isiyo na sahihi akanirudishia kwa mikono miwili. Binti na bibi yake walizungumza muda mrefu, wakicheka, nami nilikaa na karatasi yangu mapajani, sina pa kutazama.